Safari ya Pwani na Mkwe

Niliishona safari ile kabla mume wangu hajapewa livu, likizo yake ya kazi. Nasema niliishona kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na kwangu jambo halijawa kweli mpaka lipate kitambaa. Tulikaa Itigi kwenye nyumba za reli, wakati Mwingereza bado anatutawala, na mume wangu alikuwa karani wa stesheni. Kila treni ya kwenda pwani iliposimama nilitoka na kikapu changu kana kwamba nauza vitambaa vya meza, kumbe nawatazama wanawake wa daraja la kwanza. Walikaa dirishani na kofia zao na miwani ya jua, wanakwenda Dar es Salaam kupunga upepo siku chache tu, halafu wanarudi zao. Siku chache, jamani! Watu wa kwetu wakisafiri ni kwa msiba, ugonjwa, au kazi. Kwenda mahali kwa ajili ya kwenda tu, umevaa ukapendeza, ukarudi hujaleta hata debe la mahindi, ni jambo ambalo hata kulieleza kwa jirani ilikuwa shida. Nililitaka mpaka roho inaniuma.

Basi nikaanza. Nilikata gauni la poplini nyeupe lenye marinda la kuvaa ufukoni. Nilikata sketi ya kubana, imeshuka hadi chini ya magoti, sawasawa na niliyoiona kwa mama mmoja wa Kizungu aliyeshuka kununua asali. Nikampimia mume wangu suruali mbili za kitani, akalalamika kwamba kwa suruali zile watu watamwomba kazi. Kofia nilisuka mwenyewe kwa ukili, nikaizungushia utepe. Jioni tulikaa mezani tukipanga. Yeye alifanya kazi stesheni ya Dar es Salaam alipokuwa kijana, kwa hiyo alijua kila kitu, au alijifanya anajua. Tungefikia mtaa wa Gerezani kwa mwenzake wa zamani. Asubuhi tungetembea mtaa wa maduka ya vioo, tukatazama bila kununua. Mchana tungekwenda baharini, lakini si popote, maana kulikuwa na fuko za Wazungu na mahoteli yenye mabaraza ambayo askari anakufukuza kabla hujavua viatu. Yeye alijua mahali ambapo hatutasumbuliwa. Nilimfanya anieleze njia ile tena na tena, na ikiwa leo amesahau mti alioutaja jana, tunagombana.

Ndipo mama yangu akasikia.

Mama aliishi Kilimatinde na mdogo wake, wote wajane. Macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari wa misheni alishamwambia kwamba ugonjwa wake si ule wa utando unaoondolewa kwa kisu. Umekaa nyuma ya jicho na hauna dawa. Macho yalikuwa yanafungwa kutoka pembeni kuja katikati. Wakati huo aliona kilicho mbele yake tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na kilicho kando hakipo. Akitaka kukuona ilimbidi akugeuzie uso wote na kukulenga, na akikulenga anakuona vizuri, hata kifungo kilicholegea anakiona. Daktari alisema mvua za mwaka ule zikiisha, hata hicho kidogo kitakuwa kimekwenda.

Nilikwenda kumsalimia. Nikapiga goti, shikamoo mama, na kabla hajaitikia akaniambia kwamba amesikia tunakwenda kwenye maji yasiyo na ng'ambo. Maisha yake yote ameteka maji kwa kibuyu, akigombania foleni kisimani na wanawake wenzake. Habari za maji yanayofika mpaka mbinguni amezisikia tangu wakati wa Mjerumani na hajawahi kuziamini.

"Nitakwenda nanyi," alisema. "Nikauone mwenyewe huo uongo kabla sijazimiwa taa."

Hakuomba, mama hakuwa mtu wa kuomba. Nilirudi Itigi nikijua maneno yale maana yake nini. Livu nyingine ya mume wangu ingekuja macho yale yakiwa yamekwisha. Ilikuwa safari hii au basi.

Sasa sikilizeni kilichonikosesha usingizi. Kwetu Wagogo, katika ukoo wetu, mume wa binti na mama wa binti hawatazamani usoni. Hawali mahali pamoja, hawashikani, hawatajani majina. Mkwe akipita karibu na nyumba hukohoa, na mama anaposikia kikohozi hugeuka, au hujifunika khanga na kusogea kando mpaka apite. Hiyo si chuki, ni heshima, na wanaoijua wanaivaa bila kuhisi uzito wake. Hudumu hivyo mpaka azaliwe mtoto wa kwanza. Bibi akishamshika mjukuu, na wazee wakala mbuzi wa mkwe, ndipo wanaposalimiana kama watu wengine. Sisi tulikuwa hatujajaliwa mtoto. Miaka yote ile mume wangu alimjua mama kwa mgongo, na mama alimjua yeye kwa kikohozi.

Na pasi ya reli ilikuwa karatasi moja. Imeandikwa mwajiriwa na familia yake, chumba kimoja cha daraja la pili, treni ile na si nyingine. Stesheni masta alikubali kumwongeza mama mkwe baada ya kumzungushazungusha mume wangu wiki nzima, lakini akasema wazi kwamba mkagua tiketi akimkuta mmoja wetu kwenye behewa jingine bila karatasi, anamshusha hapo hapo. Nilisema basi mimi na mama tukate tiketi za daraja la tatu. Mama akakataa katakata. Kama binti yake ana chumba chenye dirisha, yeye atakaa kwenye dirisha hilo, si juu ya magunia ya watu.

Mume wangu alishika kichwa. "Chumba kimoja na mama yako? Nilale wapi? Kitanda cha juu? Nilale juu ya mkwe wangu?"

Mama yangu mdogo naye, yule wa Kilimatinde, alikuja Itigi kwa miguu yake kuja kunisema. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kukumbuka kila desturi na kila aliyeivunja. Aliniuliza kama nimekosa haya au nimerogwa. Nikamwambia nimepata akili. Akasema ukoo utacheka mpaka Bahi. Nikamwambia wacheke, mama akishaiona bahari. Tulitupiana maneno hadi jirani wakafunga madirisha, na siku ile damu ilinichemka hata uji niliopika ukaungua.

Lakini hasira kwangu huwa inaishia kwenye cherehani. Nilichukua kitambaa cha maua kilichobaki nikashona pazia, refu, zito, lenye pete juu, la kukigawa chumba cha treni katikati. Nililitia pindo sawasawa na lile la gauni langu, maana kama ni kwenda na aibu, tutakwenda nayo kwa mtindo. Mama upande wa dirisha, mume wangu upande wa mlango, mimi kama mpaka. Chakula yeye angekula kwenye ujia wa behewa, amesimama. Kulala angelala chini, kwenye mkeka, mlangoni. Kule Gerezani tuliahidiwa vyumba viwili vyenye milango miwili. Ufukoni angetangulia mbali, nasi tungefuata nyuma. Nilipanga kila hatua, na kila nilipolala niliona palipobaki wazi, nikaamka nimechoka.

Palipobaki wazi hasa palikuwa Saranda. Mama angeteremka mlima kutoka Kilimatinde na kupandia hapo, na treni haikai Saranda. Mume wangu akachukua kazi hiyo kwa fahari yote ya mtu wa reli. Behewa la daraja la pili, alisema, husimama pale pale siku zote, mbele ya tangi la maji. Mama asimame penye tangi. Yeye atatoka chumbani mapema, tukishapita Manyoni, aende nyuma daraja la tatu asubiri huko. Mimi nitafungua mlango, nitamshika mama mkono, nitamweka nyuma ya pazia, na treni ikishaondoka yeye atarudi akikohoa. Nilimtumia mama ujumbe: asimpe mtu mwingine yeyote mkono wake, ila mimi.

Siku yenyewe ilifika na jua kali. Nilivaa ile sketi. Wanawake wa reli walitoka kunitazama nikipanda, na mmoja akasema nimekuwa bibi wa kwenye kalenda, nikafurahi kupita kiasi. Chumba kilikuwa kisafi, viti vya ngozi ya kijani. Nilitundika pazia langu na likakaa barabara. Kutoka Itigi mpaka Manyoni tulipita vile vichaka vikavu, mume wangu akijifuta jasho na kuuliza kama suruali imekunjamana. Tulipotoka Manyoni aliinuka, akajipapasa mfukoni kuhakikisha pasi ipo. Nilimwambia aniachie. Akasema karani haiachi karatasi yake, akaenda zake nyuma.

Treni ilianza kushuka kwenye ule mteremko, breki zikilia. Nilisimama mlangoni nimeshika chuma. Nikaliona tangi. Nikamwona mama, khanga nyeusi na nyekundu kichwani, kikapu mkononi chenye kuku wa kuwapa wenyeji wetu wa Gerezani. Mama mdogo hakuwepo. Baadaye nilijua kwamba alimsimamisha pale, akaona moshi, akakimbia, maana yeye naye ni mkwe na hakutaka kuonwa. Mama alikuwa ameipa treni mgongo. Ndivyo ilivyopasa. Mkwe yumo ndani ya treni ile, madirisha ni mengi, atajuaje atachungulia lipi? Alisimama akingoja mkono wangu.

Na sisi tukampita.

Siku ile walikuwa wameongeza mabehewa Tabora. Treni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, dereva akaivuta mbele ili mkia ufike jukwaani, na behewa letu likapita tangi, likapita muuza miwa, likapita jukwaa lenyewe, likasimama huko mbele kwenye kokoto. Nilitazama nyuma. Behewa lililosimama mbele ya tangi, usawa kabisa na mgongo wa mama, lilikuwa la daraja la tatu, na mlangoni mwake alikuwa mume wangu.

Nilitaka kuruka. Ardhi ilikuwa chini mno, kokoto tupu, na ile sketi, loo, ile sketi. Niliivuta juu, haikupanda. Nilikuwa nimeishona vizuri mno. Nilipiga kelele, "Mama!" na kila mwanamke pale stesheni akageuka isipokuwa wangu. Injini ilikuwa inapumua kwa kishindo, na hata kama sauti yangu ilimfikia, ilitoka upande ule ule aliotakiwa asiutazame.

Mume wangu alimwona. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa bega. Asingeweza kumwita jina, asingeweza kumshika, hakuwa amewahi kumwambia neno moja tangu anioe. Akafanya kitu pekee alichozoea kumfanyia. Akakohoa.

Mama akakisikia kikohozi. Akajivuta khanga usoni, akasogea mbele hatua kadhaa, akawa mbali zaidi na treni.

Mume wangu akakohoa tena, kwa nguvu. Mama akasogea tena. Nilikuwa naona yote kutoka kule mbele na sikuweza kufanya lolote. Kila alivyokohoa, ndivyo mama alivyozidi kumpisha, kwa adabu yake yote, akiinamisha kichwa, akijua anatenda yaliyo sawa. Mume wangu akamwita muuza karanga na kumwonyesha kwa kidole, amshike yule mama mwenye kikapu ampeleke mbele. Muuza karanga akamshika bibi mwingine mwenye kikapu, na yule bibi akamtandika kofi. Gadi, msimamizi wa treni, akatoa bendera ya kijani. Nikamwomba Mungu aivunje ile injini.

Filimbi ikalia. Treni ikajikaza, ikaanza kwenda. Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama mama, akanitazama tena. Halafu akaruka. Alianguka kwa magoti na suruali yake ya kitani, na pasi yetu mfukoni, akainuka, akasimama pale jukwaani nyuma ya mama akiwa mita chache tu kutoka kwake. Ndivyo nilivyowaacha. Wawili wasiotakiwa kuonana, peke yao, na treni yote ikiondoka na mimi.

Nilirudi chumbani. Pazia lilikuwa linayumba kwenye pete zake, na kiti cha dirishani hakina mtu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimlaani aliyeongeza mabehewa, nikailaani desturi, nikamlaani mume wangu kwa kukohoa kama mbuzi mgonjwa badala ya kunyoosha mkono. Kumshika tu! Kitambo kidogo cha aibu, kisha bahari. Nilisema kwa sauti mle chumbani kwamba sitamsamehe.

Makutupora nilishuka na mizigo yote kabla mkagua tiketi hajanifikia. Stesheni masta wa pale alimjua mume wangu kwa kupelekeana habari za simu kila siku, ingawa hawakuwahi kuonana. Akanihurumia. Alisema kuna treni ya mizigo inapanda, ataniombea kwa gadi. Nikakaa kwenye benchi kungoja. Nikatoa mkasi kwenye mkoba, nikaifumua ile sketi pembeni mpaka juu ya goti, na wanaume waliokuwa pale wakatazama kwingine.

Nilifika Saranda alasiri, nikiwa ndani ya behewa la gadi, nimejaa masizi. Nilitegemea kukuta mmoja wao amekimbia. Niliwakuta wote. Mama alikaa barazani akielekea mlima. Mume wangu alikaa upande wa pili wa nguzo akielekea reli, migongo yao inatazamana, na katikati, kwenye kikapu, yule kuku.

Walikuwa wanaongea na kuku.

Nilisimama pale na sanduku mkononi. Mama alisema, kuku wewe, muulize huyo aliyeko huko, hayo maji yakifika jioni yanakwenda wapi. Mume wangu akasema, kuku, mwambie mama kwamba yanarudi nyuma, yanaacha mchanga umelowa, na asubuhi yanakuja tena. Mama akasema, kuku, hapo anadanganya. Mume wangu akasema, kuku, mwambie naapa. Aliendelea kumweleza yule kuku: kwamba ukiyatazama asubuhi rangi yake ni ya jani la mtama mchanga, mchana yanakuwa mengine, kwamba ukisimama ndani yake yanachota mchanga chini ya nyayo zako kidogo kidogo mpaka unadhani unatembea nawe umesimama. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Mimi alinieleza njia na vituo tu, maana ndivyo nilivyomuuliza.

Waliponisikia wakanyamaza wote wawili. Nikasema shikamoo kwa mama, na kwa mume wangu sikusema kitu.

Treni iliyotuacha ndiyo pekee iliyoandikwa kwenye pasi. Mume wangu alipeleka simu kuomba tubadilishiwe, na jibu likaja kwamba aombe upya livu ijayo. Mama aliposikia hakulalamika. Alimchukua kuku wake, akasema basi tumpeleke nyumbani, akapanda mlima ameshika bega langu. Hakuuliza tena habari za bahari, siku ile wala baadaye, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Laiti angenigombeza. Nilidhani amekata tamaa, au ile aibu ya kukaa alasiri nzima na mkwe imemfunga mdomo.

Mimi na mume wangu tuligombana msimu mzima. Nilimwambia angemshika mkono. Akasema angemshika, mama angeuvuta mkono wake na kurudi Kilimatinde na fedheha, na safari isingekuwepo vile vile. Nikasema afadhali fedheha. Akasema ni rahisi kwangu kusema, si mimi niliyekuwa mkwe. Lile pazia nililitia sandukuni. Gauni jeupe nililiuza kwa bibi harusi wa Manyoni.

Mvua zilikwisha, na macho ya mama yakaisha nazo, kama daktari alivyosema. Nilikwenda kumtazama nikamkuta anapepeta mtama, uso ameuelekeza ukutani. Nilimpungia mkono mbele ya macho. Akaniuliza kwa nini nampepea.

Baadaye nikapata mimba. Nilikwenda kujifungulia Kilimatinde, kwa wakunga wa misheni, na mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye hasira za upande wangu. Siku ya kumtoa ndani, wanawake wa ukoo walijaa chumbani. Mume wangu alikuwa ameshakuja na mbuzi wake, amekaa nje ya mlango na wazee kama ilivyo ada, akingoja bibi amshike mjukuu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo yote, nani akae wapi, nani aseme lini.

Wakampa mama mtoto. Alimpakata, akampitishia vidole taratibu, kichwa, paji, pua. Akafika masikioni, akakaa hapo.

"Haya ni ya baba yake," alisema. "Yamesimama hivi hivi, na huku juu yamejikunja."

Mume wangu masikio yake yako hivyo kweli. Lakini mimi sikuwahi kumwambia mama, na hakuna mtu anayekaa kumsimulia mkwe habari za masikio. Nilimtazama mama mdogo, maana nilijua hataliacha lipite. Mama hakuwa mtu wa kumwona mtu kwa bahati mbaya. Kwa macho yale, kilichokuwa kando hakikuwepo kwake. Ili aone sikio la mtu ilimbidi ageuke, amwelekezee uso wote, amlenge, na amtazame.

"Dada," mama mdogo alisema, "masikio ya mkweo umeyaona wapi?"

Mama hakujificha. Aliendelea kumshika mtoto sikio.

"Saranda. Nilitoka nyumbani nikaone kitu kimoja kikubwa kabla sijafumba macho. Treni ikaondoka. Nikasikia mtu ameruka, ameanguka nyuma yangu. Nikasema, bahari ndiyo hiyo inakwenda. Basi nimwone huyu aliyeiacha kwa ajili yangu. Nikageuka nikamtazama mpaka nikashiba. Yeye alikuwa ameinama, anajipangusa magoti, hakujua."

Mimi nililia mbele ya watu wote, nikasahau hata kujifuta. Mama mdogo alivuta pumzi, akatangaza kwamba mbuzi mmoja hatoshi tena. Huyu aliyekuja ni wa mjukuu, na wa pili lazima atoke kwa ajili ya kule kutazama.

Mume wangu alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Hakungoja wazee. Aliingia mle ndani katikati ya wanawake, akachuchumaa mbele ya mama, akaushika mkono wake, akauweka kwenye uso wake mwenyewe. Mama akaupapasa uso ule polepole, hadi kwenye masikio.

Mama mdogo akasema basi ni watatu.